Petroli Safi ya Mzee Mfaume

Hapa Tabora ukimtaja Mfaume wa pampu, mtu atakuambia upesi kwamba pombe ndiyo iliyomuua binti yake. Atakuambia huku anatikisa kichwa, kama aliyekuwapo. Hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Cherehani yangu ilikuwa barazani ng'ambo ya barabara, ikitazamana na kituo cha mafuta pale Gongoni, na karibu kila alichokifanya Mfaume pale nilikiona, nitake nisitake. Pombe ilikuwamo, sikatai. Lakini habari yao hiyo ina mtu mmoja wa kulaumiwa na adhabu moja ya kushuka kutoka mbinguni, halafu wanakunywa kahawa na kwenda zao. Mimi imenichosha.

Mfaume alikuwa mtu mfupi, mikono mikubwa, kofia ya viua kichwani hata anapovaa ovaroli. Babu yake alipita njia hii ya Sikonge akiwa na mzigo mabegani, enzi za misafara, na baba yake alikuwa mchuuzi wa chumvi. Yeye alianza kuuza mafuta bendera ya mkoloni ikiwa bado inapepea, uhuru ukamkuta pale pale, Azimio la Arusha likamkuta pale pale. Wenye kituo walibadilika, rangi ya pampu ikabadilika, yeye akabaki.

Alikuwa na usafi wa kuudhi. Kila adhana ikilia aliacha pampu, akaenda nyuma ya kituo kwenye pipa la maji, akajisugua mpaka viwiko kwa sabuni ya mche, tena miaka ambayo sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa foleni. Madereva walipiga honi. Yeye hakugeuka. Alirudi kutoka msikitini kwa mwendo wake, akauliza, "Nani wa kwanza?" na wa kwanza mara nyingi alikuwa amekwisha kununa.

Mkewe, Mwanamkuu, alifariki mapema na kumwachia mtoto mmoja, Swaumu. Wengine walizikwa wakiwa wadogo. Mfaume hakuoa tena. Tulimtania sana juu ya hilo, tukamtajia wajane wa mtaa kwa majina, naye alijibu kwamba nyumba yake ina mwanamke tayari na anatosha kwa ukali. Kweli Swaumu alikuwa mkali. Alikuwa akimletea baba yake chakula kituoni, anasimama kando mpaka sahani iishe, na akimwona mteja anamtolea Mfaume maneno ya ovyo, anamjibu yeye. Alipoolewa na mwalimu Shaban, na Shaban akapelekwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa kule ndani, mbele ya Sikonge, Mfaume alikaa siku nyingi akila mkate mkavu kwa sababu hakujua pa kuanzia kupika.

Mimba ya kwanza ya Swaumu iliharibika njiani. Uchungu ulianza kijijini, hakukuwa na gari lenye mafuta, wakamfunga kwenye baiskeli na mito miwili, wakamsukuma porini kwenda hospitali ya misheni Sikonge. Yeye alifika. Mtoto alifika amekufa. Mkunga wa kule alimwambia wazi Shaban kwamba mwanamke huyu mwili wake haufunguki vizuri, na safari nyingine akichelewa kufika hospitali, atakwenda na mtoto.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili, Mfaume aliacha kuwaza jambo jingine lolote. Kijiji kilikuwa na Land Rover moja kuukuu, mali ya ushirika wa tumbaku, na dereva wake aliitwa Hilari, Mkatoliki mmoja mpole ambaye aliipenda ile gari kuliko ilivyostahili. Gari lilikuwapo, dereva alikuwapo. Petroli ndiyo haikuwapo. Mabasi ya Sikonge yalikwisha kusimama. Mpango wa Mfaume ulikuwa rahisi: akusanye petroli ya kutosha, aipeleke kijijini, na mimba ikikaribia, Hilari amlete Swaumu Tabora akae kwa baba yake karibu na hospitali. Na uchungu ukiwahi kabla ya hapo, mafuta yawe yapo, wamkimbize Sikonge. Alimwahidi binti yake mbele yangu, siku alipokuja kusalimia. "Safari hii hutapanda baiskeli," alimwambia. "Mafuta yatakuwa nyumbani kwako, ndani, unayaona kwa macho."

Swaumu alicheka. "Yawe safi tu, baba. Nisije nikasimama porini."

"Lini nimekuuzia machafu?"

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita na Idi Amini, na kila anayeikumbuka ataniambia nisiendelee, anaijua. Sukari hakuna, kanga hakuna, uzi wa cherehani unaletwa kwa siri kama bangi. Tangi la chini ya ardhi pale kituoni lilikauka, pampu yenyewe ikafungwa kitambaa. Mafuta yakawa yanakuja kwa mapipa, kwa treni, yanapakuliwa stesheni na kupelekwa nyuma ya kituo, na Mfaume anapima kwa kopo la lita moja. Mteja lazima awe na kibali. Mwenye kibali naye mara nyingi anaambiwa arudi kesho.

Siku moja ikaja shehena yenye mapipa ya namna mbili. Meneja wa kituo, Raymundi, kijana aliyesoma na mwenye hofu nyingi, aliwaamuru wafanyakazi wamwage pipa la namna ya pili ndani ya yale ya kwanza, sehemu moja kwa nne. Hakueleza ni nini. Alisema ni mafuta ya kukuza mafuta. Mfaume alifungua kizibo, akavuta pumzi, akakaa chini palepale kwenye saruji.

Nilimwona akikaa nikadhani ameumwa, nikavuka barabara.

"Abasi," aliniambia, "nusa."

Nilinusa. Nina pua ya kawaida tu, lakini ile harufu haihitaji pua. Ilikuwa pombe kali, kali kuliko gongo, tupu.

Raymundi akatuita ofisini, akafunga mlango. Alisema ni spiriti iliyotengenezwa kwa mabaki ya miwa, nchi haina fedha za kigeni, waliokaa juu wameamua kujaribu, na magari yatakwenda vizuri kabisa. Akatuomba tusiseme. Mji huu una Waislamu wengi, alisema, wakisikia wanauziwa pombe patakuwa na maneno. Mimi nilimwambia kwamba mwenye kunusa atajua. Mfaume alikuwa akiitazama mikono yake.

Na kweli watu walijua, bila kuambiwa. Madereva walianza utani siku ya pili. Gari likizima mlimani, wanasema limelewa. Likiwaka kwa shida asubuhi, wanasema lina mning'inio wa pombe ya jana. Lakini magari yalikwenda, na mwenye gari linalokwenda mwaka ule hakuwa na muda wa kuuliza limekunywa nini. Mtu pekee aliyeteseka ni yule aliyekuwa akiimimina hiyo spiriti. Mfaume alikuwa ameishi maisha yake yote hajagusa pombe, hata kuvuka uwanja wa kilabu alizunguka, na sasa ilikuwa inamwagikia viganjani kutwa nzima. Alianza kuoga kabla ya kila sala. Ovaroli alifua kila jioni, akaivaa asubuhi bado mbichi.

Alikwenda kwa shehe. Shehe alikuwa mtu wa huruma na akamjibu kwa huruma: kazi yako ni riziki, hukuichagua hiyo spiriti, huinywi na huinyweshi mtu. Osha mwili, osha nguo, osha chombo, kisha sali, Mungu anaona nia yako. Mtu mwingine angerudi ametulia. Mfaume alirudi ameshika neno moja tu, la chombo.

Alitaka kuacha kazi. Aliniambia hivyo barazani kwangu, nami nilimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa kutishia. Lakini akiacha kazi, petroli ya Swaumu ataipata wapi? Wafanyakazi wa kituo waliruhusiwa kununua lita moja kila treni ilipoleta mapipa, na hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo. Akabaki. Mimba ya binti yake ilimfunga kwenye lile pipa kama mbuzi kwenye mti, na kila nikikumbuka hilo nasikia hasira, na sijui niielekeze wapi.

Sasa sikiliza alivyokuwa akifanya, maana kila kitu kimo humu.

Alikuwa na dumu la chuma, la kijeshi, lenye kizibo cha kubana, zuri sana. Treni ikija, kabla ya kuchukua lita yake, alilichukua lile kopo la kupimia alilokuwa akiwapimia watu wote, akaenda nalo kwenye pipa la maji. Akaliosha mara tatu kwa bismillahi. Akalikung'uta. Akapima lita moja ya Swaumu, akaimimina kwenye dumu, akafunga. Mdomo wa dumu nao akaumwagia maji na kuufuta. Mteja mwingine yeyote alipimiwa kwa kopo lilivyo. Ni lita ya Swaumu tu iliyooshewa kopo.

Nilimtania, nani asingemtania? Nilimwuliza, "Mzee, sasa mafuta nayo unayatawadhisha?"

"Mafuta siyawezi," alisema. "Yameshaharibiwa. Chombo nakiweza."

"Si yatamwagwa kwenye gari? Gari linasali?"

Hakukasirika. "Dumu hili litakaa chumbani kwa Swaumu, Abasi. Pale anaposali. Na siku ile litakalombeba ni hili. Siwezi kumpelekea kitu kilichopitia uchafu nikakaa nimenyamaza."

Ukiniuliza akili yake iko wapi katika hilo, nitakujibu kwamba haikuwa kazi ya akili. Alikuwa mtu mwenye hofu, mbali na mtoto wake, na maji ndiyo aliyokuwa nayo. Wengine hutoa sadaka, wengine hufunga. Yeye aliosha kopo.

Maji hayakumtia wasiwasi hata kidogo, na alikuwa na sababu. Tangu ujana wake alikuwa akijua kwamba petroli na maji havishikani. Maji yakiingia, hukaa chini kabisa, petroli hukaa juu, na mtu mwenye subira huyaacha yatulie, akamimina taratibu, akabakiza kidogo ya chini. Alikuwa amewafundisha hivyo madereva wa mji mzima. Kwa petroli aliyoizoea, lilikuwa fundisho sahihi kabisa.

Dumu lilipojaa, Hilari alikuja mjini kwa lori la tumbaku kutafuta vipuri. Nilikuwapo alipokabidhiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo." Mfaume alilishika dumu kwa mikono miwili kabla ya kumpa. "Ukifika liweke ndani, kivulini, litulie. Usilitumie kwa safari ya mwenyekiti wala ya mtu mwingine. Ukimimina, mimina polepole, na ya mwisho usiimwage. Bakiza kikombe kizima chini. Kama kuna tone la maji, litakuwa hapo."

"Nimeelewa."

"Sema nilivyosema."

Hilari akarudia, kama mtoto wa madrasa, akakosea, akarudia tena. Lori likaondoka kuelekea barabara ya Sikonge, Mfaume amesimama katikati ya njia mpaka vumbi lilipotua. Siku ile alikula kwangu na alikuwa mchangamfu. Alizungumza juu ya jina la mjukuu.

Uchungu ulimwanza Swaumu kabla ya wakati, asubuhi, watoto wakiwa wanaingia shuleni. Yaliyofuata nayasema kama Hilari alivyoyasema, na sijamwongezea neno.

Shaban alitoka darasani mbio. Hilari na vijana wakaisukuma Land Rover mpaka mlangoni, tangi lake likiwa limekauka kabisa. Alilitoa dumu chumbani, akalimimina polepole, akabakiza kikombe kizima chini kama alivyoagizwa. Wakatandika godoro nyuma. Swaumu alipanda mwenyewe, anatembea, ameshika mkono wa mama mmoja wa pale kijijini, Koleta, aliyekuwa mzoefu wa uzazi. Gari likawaka. Hilari anasema liliwaka mara moja, na Swaumu alisema, "Umeona?"

Likaenda mwendo mfupi tu. Wakiwa wameingia porini, kijiji hakionekani tena, likaanza kukohoa, likasimama.

Hilari hakuwa dereva mbaya. Wanaomsema ni wajinga. Alifungua kikombe cha chujio chini ya tangi, akamwaga kilichokuwamo kiganjani, akakitazama. Kilikuwa cheupe kama maji, lakini kilinuka petroli. Akakimwaga chini mchangani, akawasha kiberiti. Kikashika moto. Maji hayawaki, kila mtu anajua hivyo, naye akasema basi mafuta ni mazima, ubovu uko pengine. Akaanza kufungua vitu. Alifungua plagi, akazikausha, akazirudisha. Akafungua kabureta. Likawaka kidogo, likafa. Akaenda kwenye waya, akaenda kwenye koili. Kila alipofungua kitu jua lilikuwa limepanda zaidi, na nyuma Swaumu alikuwa ameacha kuzungumza na ameanza kuuma kitambaa.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka walipata msaada wa watu wenye baiskeli, wakatengeneza machela. Hawakufika Sikonge. Alikata roho njiani na mtoto tumboni, Koleta akiwa amemshika kichwa.

Mfaume aliletewa habari kituoni na mtu wa lori. Mtu huyu mwenye mafuta, aliyewapimia wengine miaka yote, hakuwa na namna ya kwenda kumzika mtoto wake. Alikwenda kwa baiskeli ya kuazima mpaka akapata trekta, na alipofika wamekwisha kuzika, maana joto halikuwasubiri. Alikaa kaburini, akasoma alichoweza, akarudi. Niliporuka barazani kumpokea alinipa mkono kama mgeni. Msiba ukawekwa kwake, watu wakajaa, na hapo ndipo ile hadithi ya pombe ilipoanza, kwenye mkeka wa matanga, na wasimuliaji wakiwa wanakula pilau yake.

Baada ya matanga alirudi kazini. Sijui angekwenda wapi. Na ndipo Hilari alipokuja tena mjini, akiwa na chupa ya soda iliyofungwa kwa kitambaa na nailoni. Shaban ndiye aliyemtuma. Alitaka kujua ni nani aliyemuuzia baba mkwe wake mafuta mabovu.

Hilari aliiweka chupa juu ya meza ya Raymundi. Nilikuwa nimemsindikiza Mfaume, kwa sababu siku zile sikupenda abaki peke yake. Ndani ya chupa kulikuwa na vitu viwili, kimoja juu ya kingine, na mstari katikati ulionyooka. Hilari alisema ameyatoa kwenye tangi baadaye, gari lilipokokotwa kurudi kijijini. Cha juu kilikuwa na rangi ya petroli. Cha chini kilikuwa cheupe, na kilikuwa kingi, karibu robo ya chupa.

Raymundi aliinyanyua ile chupa kuelekea mwanga. "Yameingia maji," alisema.

"Maji hayawi mengi hivyo," Mfaume alisema. "Na haya yanawaka. Amesema yanawaka."

"Si maji peke yake, mzee." Raymundi alizungumza akiitazama meza. "Petroli haiyataki maji. Spiriti inayataka. Yakiingia maji kidogo tu, glasi moja katika dumu zima, spiriti inaiacha petroli na kuyafuata maji, inashuka nayo chini. Ndiyo maana yanakuwa mengi. Ndiyo maana yanawaka. Lakini gari haliendi nayo. Na mrija wa tangi unavuta chini."

"Kwa hiyo ile ya juu?"

"Ile ya juu ingekwenda. Wangemwaga ya chini yote, gari lingekwenda."

Hilari alitoa sauti ndogo. Mfaume alinyanyua mkono kumnyamazisha, kwa upole.

"Wewe ulikuwa unajua habari hii ya maji," alimwambia Raymundi.

"Tuliambiwa, siku ya semina. Kwamba vyombo viwe vikavu. Ningewaambia ninyi, mngeuliza ni kwa nini, na mimi nimekatazwa kuitaja spiriti. Vyombo vya hapa vikavu siku zote, mzee. Nani angetia maji kwenye petroli? Wewe wa mwisho kabisa."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilitaka kuivunja ile chupa kichwani mwake. Mfaume alisimama tu, akaniambia, "Twende, Abasi." Kopo baada ya kopo, kila moja limeoshwa mara tatu na kukung'utwa, kila moja na matone yaliyobaki kwenye pembe zake. Hayo yote yaliingia dumuni. Gari zote za Tabora zilikwenda kwa ile spiriti. Petroli iliyooshewa chombo ndiyo iliyosimama porini.

Tulikaa barazani kwangu, sisi watatu. Nikaagiza chai ya rangi, haikunywewa. Mfaume alisema, "Ni mimi." Nilimwambia si yeye, nikamhesabia wote niliowaona mimi: Raymundi, na waliomkataza Raymundi kusema, na waliotuletea mapipa. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekusimulia ndoto. Kisha alisema tena, "Ni mimi. Niliyatia maji kwa mkono wangu."

Hilari alikuwa na moyo mzuri. Hapo ndipo ninapomlaumu, kama nitamlaumu kwa lolote. Hakuweza kuvumilia kumwona mzee vile, akatafuta cha kumpa, akampa alichokuwa nacho.

"Mzee, usijitese," alisema. "Swaumu hakukutilia shaka hata kidogo. Mpaka mwisho. Nataka ulijue hilo, likufariji."

Mfaume alimtazama.

"Lilipita trekta," Hilari akaendelea. "La ushirika, na tela lake, linakwenda Sikonge. Nilikuwa nimefungua kabureta. Mwenye trekta akasema, mpandisheni, nitakwenda polepole. Shaban alitaka. Swaumu akakataa. Alisema lile tela litamrusha, na yeye hana haja ya kuhangaika, mafuta ameyatengeneza baba yake mwenyewe. Alisema, 'Baba hawezi kunitumia kitu kibaya. Funga hilo dude, Hilari, litawaka.' Alisema hivyo akicheka, mzee. Basi trekta likaenda."

Niliona kinachokuja na sikuwa na namna ya kukizuia. Hilari alikuwa bado anamtazama mzee kwa ule uso wake mwema, anasubiri maneno yake yafanye kazi.

"Ilikuwa saa ngapi?" Mfaume aliuliza.

"Trekta? Mapema. Jua lilikuwa bado la asubuhi."

"Na lilifika Sikonge?"

Ndipo Hilari alipoanza kuelewa. Alishusha macho, akaanza kukizungusha kikombe chake cha chai.

"Lilifika, Hilari?"

"Lilifika," alisema. "Adhuhuri."